Kaseti Zilizozikwa Jangwani

Somo hili lilisemwa redioni, na sasa limepigwa chapa ili ulisome polepole pamoja na wenzako wa darasa. Usiyaogope maneno mageni yaliyomo. Kila moja nitalieleza mahali pake.

Leo nataka kukupa habari za michezo inayochezwa kwenye televisheni. Pengine utasema, "Mimi ni mtu mzima, michezo ya watoto yanihusu nini?" Ngoja kwanza. Je, unayo simu ya mkononi? Ikiwa unayo, bila shaka umepata kuudhika nayo. Jana ilifanya kazi vizuri, leo inakuambia kwamba programu yako imepitwa na wakati, nunua bando uisahihishe. Unanunua bando, unaisahihisha, nayo inarudi ikiwa na sura nyingine, na kile kibonyezo ulichokizoea hukioni tena. Hakuna aliyekuomba ruhusa. Udhia huo una historia yake, na njia rahisi ya kuisimulia ni kupitia michezo.

Mimi ninayeandika ni fundi wa programu. Programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata, moja baada ya jingine, bila kujiuliza. Ukiiambia itie chumvi mara mbili, itatia mara mbili, wala haitaonja. Kosa likiwamo katika maagizo, basi ni kosa letu sisi mafundi, si la mashine.

Katika mwaka 1962, huko Marekani katika chuo cha MIT, Steve Russell na wenzake waliandika mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana. Waliuita Spacewar!. Kompyuta yao ilikuwa kubwa kama makabati kadhaa yaliyopangwa pamoja. Mchezo huo haukuuzwa. Aliyeutaka alipewa, na aliyeona kosa alilisahihisha mwenyewe.

Biashara ilikuja miaka 10 baadaye. Mwaka 1972 kampuni mpya iliyoitwa Atari ilitengeneza Pong, mchezo wa mpira wa meza kwenye kioo. Mashine ya kwanza iliwekwa katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, California. Baada ya siku chache mwenye baa akalalamika kwamba imeharibika. Fundi Al Alcorn alipoifungua aliona kwamba haina ugonjwa wowote: kisanduku cha kuwekea sarafu kilikuwa kimejaa pomoni! Mwaka huo huo zilianza kuuzwa mashine za kuchezea nyumbani, zilizotokana na kazi ya Bwana Ralph Baer. Lakini mashine za nyumbani za siku hizo zilikuwa na michezo ileile iliyotiwa ndani tangu kiwandani. Ukiichoka, umekwisha.

Sasa nataka ulishike jina la mtu mmoja, Jerry Lawson. Alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa New York, mwaka 1940. Alipokuwa kijana alikuwa akipata fedha kwa kutengeneza televisheni za watu. Baadaye akawa fundi wa umeme katika kampuni ya Fairchild huko California, wakati ambapo mafundi weusi katika kazi ile walikuwa wachache sana. Yeye ndiye aliyewaongoza wenzake kutengeneza mashine iliyouzwa mwaka 1976 kwa jina la Channel F. Mashine hiyo ilikuwa na tundu, na katika tundu hilo ulichomeka kaseti.

Kaseti ni nini? Ni kisanduku kidogo cha plastiki, na ndani yake mna kipande chenye programu ya mchezo. Ukitaka mchezo mwingine, unachomoa kaseti hii na kuchomeka ile. Wazo lenyewe lilianzia kwa mafundi wengine wa kampuni nyingine. Kazi ngumu ya Lawson na kundi lake ilikuwa kulifanya lifae kuuzwa dukani: kaseti ichomekwe na kuchomolewa maelfu ya mara, tena na watoto, isiungue wala isivunjike. Walifaulu. Mwaka uliofuata, 1977, Atari nao wakatoa mashine yao ya kaseti, nayo ikaenea kuliko ile ya Fairchild. Hayo ndiyo mambo ya biashara. Aliyelima siye aliyevuna sana.

Tafadhali angalia jambo moja hapa, kwa sababu ndilo shina la somo letu. Programu iliyokuwa ndani ya kaseti ilikuwa imechomwa humo kiwandani, kama alama ya moto kwenye ngozi ya ng'ombe. Haikufutika. Hata aliyeiandika hakuweza kuisahihisha baada ya kuuzwa. Na kwa sababu hiyo hiyo, hakuna aliyeweza kuja nyumbani kwako kuiondoa. Ukishalipa ni yako, pamoja na makosa yake.

Na makosa yalikuwapo. Mwaka 1982 Atari ilitoa kaseti ya Pac-Man, ule mchezo mashuhuri wa Kijapani wa mdomo unaokula vitone huku ukifukuzwa na mazimwi. Kaseti ilikuwa na nafasi ya baiti 4,096 tu. Baiti moja hutosha kuweka herufi moja, kwa hiyo somo hili unalolisoma ni refu mara mbili na zaidi kuliko mchezo ule mzima. Nayo mashine yenyewe ilikuwa na baiti 128 za kukumbukia mambo, zisizotosha hata kwa aya fupi. Mashine haikuweza kuchora mazimwi yote manne kwa wakati mmoja, kwa hiyo iliyachora kwa zamu, nayo yakawa yakimetameta kama taa mbovu. Watu walinunua kwa mamilioni, kisha wakanung'unika.

Balaa kubwa lilikuja mwisho wa mwaka huo. Filamu ya E.T., habari za kiumbe aliyepotea hapa duniani, ilikuwa imependwa mno. Atari ikanunua haki ya kuifanyia mchezo, lakini mapatano yalikwisha mwezi Julai, na kaseti zilitakiwa madukani kabla ya Krismasi. Fundi mmoja, Howard Scott Warshaw, alipewa kazi ambayo kwa kawaida huchukua miezi mingi. Yeye alipewa majuma 5.

Nimepata kuusoma mchezo ule kwa jicho la kazi yangu, na nasema bila haya kwamba aliyeuandika alikuwa hodari. Kwa majuma 5 alifanya makubwa. Lakini hakupata siku za kuwakalisha watu wengine wacheze na yeye atazame. Katika mchezo, kiumbe yule hupita penye mashimo. Miguu yake ikiwa mbali na shimo, kichwa chake kikigusa tu picha ya shimo, huanguka. Anapanda, anaanguka tena. Mtoto aliyengoja kaseti yake mpaka Krismasi alijikuta shimoni asubuhi nzima.

Lakini sitaki udhani kwamba kaseti moja iliiangusha biashara yote, ingawa watu hupenda kusimulia hivyo. Mafundi wanne wa Atari walikuwa wameacha kazi mwaka 1979 wakaanzisha kampuni ya Activision, kwa kuwa Atari haikuyaandika majina ya mafundi kwenye michezo yao wala kuwagawia faida. Kampuni nyingine nyingi zikafuata mkondo, hata zisizojua kazi. Maduka yakajaa kaseti mbovu zilizovikwa picha nzuri. Mnunuzi hakuweza kuonja kabla ya kununua. Kaseti za zaidi ya dola 30 zikaanza kutupwa katika vikapu kwa dola 5. Watu waliokwisha kudanganywa mara mbili, mara tatu, wakaacha kabisa kununua. Katika mwaka 1983 Atari ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Biashara ya michezo ya nyumbani huko Marekani, iliyokuwa imefika dola bilioni 3 na zaidi, ilianguka mpaka yapata dola milioni 100 mwaka 1985.

Mwezi Septemba 1983 malori ya Atari yalitoka El Paso, Texas, yakaenda jangwani mpaka jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico. Yakamwaga kaseti shimoni, na juu yake zikamiminiwa zege. Kwa miaka mingi wengine walisema ni uzushi. Tarehe 26 Aprili 2014 shimo likafukuliwa mbele ya watu, naye Bwana Warshaw mwenyewe akiwapo, na kaseti zikatolewa, za E.T. na za michezo mingine mingi.

Baada ya hayo kampuni ya Nintendo ya Japani iliingia Marekani mwaka 1985 na dawa yake: kufuli. Ndani ya mashine mlikuwa na kipande kidogo kilichoiuliza kila kaseti, "Una kibali?" Isiyo na kibali cha Nintendo, mashine haikuipokea. Wanunuzi walifurahi, kwa maana takataka zilipungua. Lakini tazama: tangu hapo ufunguo wa mashine iliyo chumbani kwako ulikuwa mikononi mwa kampuni.

Kisha ukaja mtandao wa intaneti, na sasa nafika katika kazi yangu mimi. Kwa intaneti fundi anaweza kuisahihisha programu iliyokwisha kuuzwa. Ni neema kubwa, sitaidharau. Mwizi akigundua mlango katika programu ya simu yako, tunaweza kuuziba usiku huohuo. Lakini neema hiyo ilituharibu tabia. Wakati wa kaseti, mwenye kiwanda alijua kwamba kosa halirudi. Leo tunajua kwamba linarudi, basi tunaliacha litoke. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kuhesabu mauzo ya maduka madogo. Nilijua kwamba ina kosa katika kutoa chenji. Mkubwa wangu wa kazi akasema, "Itoe tu, tutarekebisha mbele ya safari." Nikaitoa. Malalamiko ya kwanza yalitoka kwa mama mmoja auzaye vitenge. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hii mliijaribu kwa nani kabla ya kuniletea mimi?" Sikuwa na jibu, maana jibu lilikuwa yeye mwenyewe.

Na anayeweza kuingia kusahihisha anaweza pia kuingia kuondoa. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa mchezo wa mbio za magari uitwao The Crew. Watu walilipa, wengi wao wakachukua diski mkononi. Lakini mchezo huo haukuwaka mpaka uwasiliane na kompyuta za kampuni, hata kama unacheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 kompyuta hizo zilizimwa. Diski zilibaki kabatini, safi, bila mkwaruzo, na hazichezeki. Mmarekani mmoja, Ross Scott, akaanza kuwakusanya watu wadai kwamba mchezo uliouzwa usiuawe hivyo. Na kufikia Julai 2025 ombi lililopelekwa kwa wakuu wa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepata saini zaidi ya milioni 1. Katika jimbo la California sheria iliyoanza kutumika mwaka 2025 inamtaka muuzaji wa vitu vya namna hii amweleze mnunuzi wazi kwamba anachopata ni ruhusa ya kutumia tu, wala si mali yake. Kwa maoni yangu sheria hiyo ni nusu ya haki. Inamfanya mwenye duka aseme kweli. Haimrudishii mtu gari lake.

Na kile kiumbe cha shimoni je? Mwaka 2013 mpenzi mmoja wa michezo ya kale aliifungua programu ya E.T., akaisoma, akabadilisha baiti chache, na miguu ikaanza kuhesabiwa mahali pa kichwa. Kisha akawaandikia wengine namna ya kufanya. Hakuomba ruhusa ya kuwasha mchezo, kwa kuwa mchezo wote ulikuwamo ndani ya kaseti, na kaseti zilikuwa zimebaki majumbani kwa watu miaka 30.

Kwa somo la juma lijalo nakuomba kitu kimoja. Tafuta nyumbani au kwa jirani simu ya zamani ya vibonyezo, ile ya Nokia yenye mchezo wa nyoka. Mchezo huo ulianza katika simu hizo mwaka 1997. Ichaji, kisha uilete darasani bila laini na bila bando. Iwasheni, mtazame kama nyoka yumo, na mmoja wenu aandike ubaoni mlichokiona. Kwa herini.