Mashariki ya Kati iko katikati ya nini?

Mwaka jana binamu yangu alipopata kazi Riyadh, nyanyangu kule Mombasa aliniuliza ni upande gani. Nikanyoosha kidole baharini. Si ni Mashariki ya Kati? Nyanya akacheka, akaugeuza mkono wangu hadi kaskazini. "Manga iko kule kaskazi inakotoka, mjukuu wangu."

Wasee, nilifungua ramani kwenye simu nimkosoe. Nikanyamaza. Riyadh iko kaskazini yetu, imeegemea mashariki kidogo tu. Halafu cheki Beirut, Damascus na Amman: zote ziko magharibi kidogo ya Nairobi. Magharibi! Na bado kila taarifa ya habari inaziita mashariki.

Ni mashariki ya London. Waingereza, macho kwenye njia ya kwenda India, walipima dunia kutoka mlangoni kwao: Mashariki ya Karibu ni milki ya Waturuki, ya Mbali ni Uchina na Japani. Mwaka 1902 afisa wa wanamaji wa Marekani, Alfred Thayer Mahan, aliandika kwenye jarida la London kuhusu Ghuba ya Uajemi, akaiita Mashariki ya Kati. Shida yake ilikuwa meli za kivita na jinsi ya kuizuia Urusi. Wenyeji hawakuulizwa. Vita vya Pili vilipokuja, jeshi la Uingereza likaweka kamandi ya Mashariki ya Kati pale Cairo, na askari wa KAR waliotoka Kenya mwaka 1941 kupigana na Waitaliano Ethiopia walikuwa chini yake. Manze, kuna wakati hata sisi tulihesabiwa huko.

Najua mtu ataniambia Waarabu wenyewe wanalitumia, hata gazeti lao Asharq Al-Awsat lina jina hilohilo. Kweli. Lilianzishwa wapi? London, 1978.

Serikali ya India husema Asia Magharibi, kwa sababu kwao ni magharibi. Basi. Sisi Pwani tulikuwa na Manga, jina tunalolila hadi leo kwenye pilau kila tukitia pilipili manga. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na nahodha aliyekosea upande hakufika. Mimi nilimaliza shule, nikaingia chuo, nikaacha chuo, na hakuna siku niliyouliza hiyo kati ni kati ya nini na nini.

Juzi nyanya ameniuliza Ulaya iko upande gani. Nimefungua ramani kwanza.