Ngoma Isiyouzwa na Tumba ya Mkono wa Pili: Uvira na Pwani ya Kaskazini ya Ziwa Tanganyika

Historia ya muziki wa Kongo aghalabu huanzia Kinshasa na kuishia huko huko. Katika makala haya tunaelekea mashariki, Uvira, pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, kuuliza swali ambalo ni la uchumi kabla ya kuwa la sanaa: ilikuwaje ngoma kubwa ikawa bidhaa, tena bidhaa iliyokwisha kupigwa na mwingine?

Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi mwezi Aprili 1858. Burton aliieleza kuwa bohari kuu ya kaskazini ya watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Ngoma hazimo katika orodha yake. Ukimya huo peke yake si ushahidi, kwa kuwa msafiri huandika kile anachokiona kikipakiwa. Hata hivyo unapatana na yale tunayoyajua kuhusu jirani wa ng'ambo ya Mto Ruzizi. Katika Kirundi neno *ingoma* lina maana ya ngoma na pia ya ufalme. Ngoma za mwami zilichongwa kutokana na gogo moja la mti uitwao *umuvugangoma*, yaani ule unaoifanya ngoma iseme, zikawambwa ngozi ya ng'ombe na kukabidhiwa koo maalumu zilizozitunza. Huko Gishora, karibu na Gitega, Mwami Mwezi Gisabo aliweka makao ya ngoma baada ya kumshinda mwasi Ntibirangwa. Kuiuliza bei ngoma ya namna hiyo kungekuwa sawa na kuuliza bei ya utawala wenyewe.

Ngoma iliyoweza kuuzwa ilitoka mbali zaidi. Waafrika waliouzwa utumwani Kuba, wengi wao kutoka nchi za Wakongo, walifika na kumbukumbu ya ngoma zao, na hata jina *ngoma* lilihifadhiwa huko katika ibada zao. Kisiwani humo ilizuka ngoma ndefu iliyojengwa kwa mbao nyembamba zilizounganishwa mfano wa pipa: ndiyo konga, ambayo kubwa yake huitwa tumba. Sahani za santuri za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, ziliueneza muziki wa Kuba barani Afrika. Wanamuziki wa Kongo waliuchukua kama mtu anayepokea barua iliyoandikwa na ndugu yake. Mwaka 1948 mfanyabiashara Mgiriki, Nicolas Jéronimidis, alianzisha Léopoldville kampuni ya santuri akaiita Ngoma. Basi neno lile lile ambalo mashariki mwa Ruzizi lilibeba ufalme, magharibi likawa nembo ya dukani.

Lugha nayo ilizitenganisha ngoma hizi. Wapigaji wa dansi, Kongo na Tanzania pia, huiita ngoma hii tumba, na mpigaji wake ni mpiga tumba. Neno hili lililokuja na muziki lisichanganywe na tumba la ua, wala na mtumba wa nguo, ingawa tumba nyingi zilizozunguka katika bendi zetu zilikuwa kweli za mtumba. Sababu ni rahisi: katika dansi, mwenye vyombo alikuwa nadra kuwa mwanamuziki. Vyombo vilikuwa mali ya tajiri, chama au shirika, na bendi ilipovunjika, wapigaji walitawanyika na vyombo vikatafutiwa mnunuzi. Kwa mji kama Uvira njia za kupata chombo cha kiwandani zilikuwa ndefu: ama kuivuka nchi nzima kutoka magharibi, ama kutoka Dar es Salaam kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha kwa meli hadi bandari ya Kalundu. Aliye mbali na kiwanda kiasi hicho huthamini kilichokwisha kufika.

Tumba ya kawaida ina mdomo wa sentimita 32 hivi na urefu wa sentimita 75. Iliyo pana kuliko hiyo, ya sentimita 35 au zaidi, ina sauti nzito inayopendwa, lakini mnunuzi wake ana mambo ya kukagua. Je, maungio ya mbao yamefunguka? Boliti zimeliwa na kutu? Pete ya chuma imepinda? Ngozi iliyopasuka ndiyo hofu ndogo kuliko zote katika pwani hii, maana ng'ombe wa bonde la Ruzizi na wa milima ya Itombwe hutoa ngozi pana ya kutosha mdomo wowote. Pete iliyopotea ni shida zaidi, kwa kuwa haipatikani machinjioni. Gogo la *umuvugangoma* halina pete wala boliti: ngozi yake hushikwa kwa vigingi vya mti, na ikichakaa hubadilishwa pale pale.

Ufalme wa Burundi ulifutwa mwezi Novemba 1966, lakini ngoma haikuingia sokoni mara moja. Iliingia kwa njia ya maonyesho. UNESCO iliiorodhesha ngoma ya kifalme mwaka 2014, na Oktoba 2017 amri ya Rais Nkurunziza ikawakataza wanawake kuipiga, ikataka kibali kwa kila onyesho na malipo ya faranga 500,000. Wakati huo maelfu ya Warundi walikuwa wamekwisha kukimbilia Kivu ya Kusini, na kambi ya Lusenda, kusini ya Uvira, ilikuwa imefunguliwa tangu 2015. Gogo la ngoma si mzigo wa mkimbizi. Lakini nguvu ya amri hiyo ilikoma Gatumba, kwenye mpaka. Ukishavuka na kuingia Kavimvira, mwanamke aliyetaka kupiga ngoma, kubwa au ndogo, ya gogo au ya mbao za kuunganishwa, hakuhitaji kibali cha Bujumbura. Alihitaji ngoma tu.