Debe, udi, kisha bendi: wimbo wa Kisomali mpaka Dadaab

Harusi ya Kisomali siku hizi, iwe Garissa mjini au katika kambi ya wakimbizi ya Hagadera huko Dadaab, Kenya, haidai bendi. Anakuja mtu mmoja na kinanda cha umeme, spika na jenereta. Ngoma zimo humo kinandani, fidla zimo, hata tarumbeta. Mkono wa kushoto unashika mdundo, wa kulia unacheza na zile sauti tano ambazo mgeni huzidhania za Kisudani.

Mwanzo ulikuwa chini ya hapo. Miaka ya 1940 dereva wa lori, Abdi Sinimo wa Borama, alitunga vipande vifupi vya mapenzi vilivyoitwa belwo. Husimuliwa kwamba lori lilimharibikia njiani na wimbo ukamtoka hapohapo. Ala yake ilikuwa debe tupu la petroli. Sisi debe tupu tunalicheka kwa kutika; hilo lilizaa muziki wa taifa zima.

Nyuzi zililetwa na Abdullahi Qarshe, na hapa Mswahili aruhusiwe kutabasamu: alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924. Alikulia Aden, akanunua huko udi, ndugu wa udi wa taarab yetu. Wasomali huuita kaban. Alipohamia Hargeisa watu wa dini waliuchukia, ikabidi aupige kwa kujificha. Redio ndiyo iliyomtoa mafichoni, na nyuma ya udi zikajipanga fidla, filimbi na waitikiaji. Kufikia miaka ya 1980 Mogadishu ilikuwa na Dur-Dur na Iftin, bendi za gitaa, saksofoni na drams.

Januari 1991 rais wa Somalia, Siad Barre, akapinduliwa, na vita vikawasukuma watu kuvuka mpaka hadi Dadaab. Huko kambi ya Ifo ilianza mwaka huohuo, Dagahaley na Hagadera 1992. Zote tatu zilipimiwa watu 90,000, na kufikia 2011 Dadaab ilikaribia nusu milioni. Drams hazibebeki mgongoni. Kilichovuka mpaka ni kanda na koo.

Maryam Mursal, mwimbaji wa kundi la Waaberi, alikimbia na watoto wake watano, akaishia Denmark. Mwaka 1997 ilitoka albamu New Dawn, yeye na wenzake wa Waaberi kwa udi na ngoma tu; 1998 ikafuata The Journey, imejaa gitaa, tarumbeta na mitambo. Ya pili ndiyo iliyochezesha watu. Mimi hurudia ya kwanza.

Na Hagadera, petroli ya jenereta ikiisha, kinanda kinanyamaza, akina mama wanaendelea na buraanbur, ushairi wao wa kuimba, kwa ngoma na makofi.