Bwana Shamba Darasani

Kila nikishuka stendi Morogoro, macho yanapanda yenyewe hadi Uluguru. Milima mizuri, hilo halina ubishi. Lakini Julai 1955 mtu aliuawa kwa risasi huko, chanzo kikiwa matuta ya shambani.

Serikali ya kikoloni iliona udongo unateremka na mvua, ikaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi. Tatizo iliona sawasawa. Ila ilimpeleka bwana shamba na amri tu, maswali hana. Kumbe udongo wenye rutuba pale ni tabaka jembamba: ukichonga ngazi unaufukia, unaleta juu udongo usiozaa. Watu wakatoa jasho, mavuno yakapungua. Tena ardhi ni ya ukoo, na kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Hapo bwana shamba peke yake asingetosha hata angekuwa muungwana. Matombo wakaasi, polisi wakafyatua risasi, mradi ukafa. Mgeta, walikolima mboga za kuuza, matuta yalikubalika zaidi. Nani atakataa kazi inayolipa?

Chini ya milima hiyohiyo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Mwaka 1999, kwa ushirikiano na Wajapani wa JICA na Chuo Kikuu cha Kyoto, kilianza kazi katika maeneo mawili: Uluguru, na milima ya Wamatengo kule Mbinga. Safari hii walikwenda wa udongo, wa misitu, wa uchumi na wa mambo ya jamii, wakakaa vijijini kujifunza kwanza.

Umatengo walikuwa na mwalimu tayari: ngoro. Mwishoni mwa masika mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, ikatokea miraba. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo ule. Juu ya tuta maharage, msimu unaofuata mahindi. Nyasi zinaoza na kuwa mbolea. Shimo linadaka maji na udongo kabla havijakimbilia bondeni. Miteremko mikali imelimwa hivyo zaidi ya karne moja, bila amri ya mzungu yeyote.

Na wanakijiji wa Kindimba walipotaka mashine ya kusaga, wasomi hawakuwarudisha kwenye mada ya udongo. Ikajengwa mashine ya kuendeshwa na maji ya mto, wanakijiji wakitoa nguvu zao. Mto ukikauka, unga hakuna, kwa hiyo habari ya kupanda miti na kulinda vyanzo vya maji ikaja yenyewe.

Mimi ngoro naisifu nusu tu. Wanaume wanafyeka, wanamaliza, wanakwenda kwenye kahawa yao. Shimo baada ya shimo, mlima mzima, linachimbwa kwa jembe la mkono na mwanamke aliyeinama.