Fuawe za Mombasa: Kutoka Jiwe hadi Reli

Mgeni wa Ngome ya Yesu huonyeshwa mizinga, kuta na majina ya makapteni. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe, na handaki lake likachongwa ndani ya mwamba huohuo. Mwamba huo hauchongeki bila chuma. Mtaimbo na tindo zilizougonga zilirudi kwa mhunzi zikiwa butu, zikatiwa motoni, zikafuliwa ncha upya, zikatiwa maji na kurejeshwa kazini. Nani alivuta mivukuto? Kibao hakisemi, na mimi naona hiyo ni dhuluma kwa mafundi.

Uhunzi ulikuwepo pwani hii karne nyingi kabla ya Mreno. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukiuza, na kwamba hiyo ndiyo biashara iliyowapa faida kubwa kuliko zote. Mombasa nayo aliitaja kuwa mji wa wachimba chuma. Ibn Battuta alipotia nanga hapa mwaka 1331 alikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na penye mbao za namna hiyo pana tezo, msumeno na keekee, na nyuma ya hivyo pana mhunzi. Galu, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba alichunguza mabaki ya kazi ya chuma. Mwaka 1994 yeye na wenzake walichapisha vipimo vya vyuma kutoka miji ya kale ya Waswahili nchini Kenya: kulikuwa na chuma cha humu kwetu na cha kuletwa, na miongoni mwake feleji iliyoyeyushwa katika kalibu.

Mavi ya chuma ndiyo yanayobaki kwa wingi ardhini. Zana zenyewe ni chache. Hewa ya chumvi hula chuma, na kabla haijakila mhunzi mwenyewe hukirudisha motoni, kwa kuwa jembe lililokwisha hutoa kisu, na kisu kilichokwisha hutoa msumari.

Kazi ngumu ya mhunzi anayeanza ni kutengeneza vya kutengenezea. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki fuawe ya kwanza ilikuwa jiwe gumu lililochimbiwa ardhini, na nyundo ya kwanza ilikuwa jiwe la kushikwa kwa mkono. Kwa hayo mawili hupatikana nyundo ya chuma. Katika nchi za Maziwa Makuu walifua kipande kizito chenye umbo la msumari mnene: kikichomekwa ardhini ni fuawe, kikishikwa mkononi ni nyundo. Rwanda ya kale ilikifanya alama ya ufalme. Koleo nayo huonekana kama fumbo, kwani chuma chekundu hakishikwi bila koleo, na koleo ni chuma. Fundi hulifumbua kwa ufito mrefu: ncha moja huwekwa motoni huku nyingine, iliyo mbali na moto, ikibaki ya kushikika. Hufua taya na bapa la katikati, hutoboa kwa tindo, kisha hutengeneza wa pili na kuunganisha mikono miwili kwa ribiti. Kuanzia siku hiyo ana uwezo wa kufua kipande kifupi.

Mwaka 1896 ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza hapa kisiwani, wakati Ngome ilikuwa tayari gereza. Ilibaki hivyo tangu 1895 hadi 1958. Treni ilipofika Ziwa Victoria mwaka 1901, nchi ilikuwa imepata feleji nyingi kuliko ilivyowahi kuwa nayo, na vipande vilivyosalia na vilivyochakaa viliingia katika vibanda vya mafundi. Mpaka leo, katika karakana za jua kali Kenya nzima, fuawe ya kawaida ni kipande cha reli.

Kukitumia vizuri kunataka akili. Reli za awali zilikuwa na uzito wa takriban kilo 25 kwa mita, kwa hiyo kipande cha sentimita 40 ni kilo 10 tu. Ukikilaza hurukaruka, na shingo yake nyembamba hula nguvu ya pigo. Ukikisimamisha wima, ncha moja ikizama katika gogo, uzito wote hukaa chini ya nyundo. Uso ni mdogo, lakini pigo hutua mahali hapohapo, na reli ina kaboni ya kutosha kustahimili kugongwa miaka na miaka.

Zana nyingine hutoka kwenye lori. Springi iliyovunjika hutoa visu na patasi, na ekseli hutoa nyundo. Patasi huchomwa mpaka sumaku ikatae kuishika, kisha huzamishwa ndani ya mafuta. Hapo ni ngumu lakini huvunjika upesi. Fundi huisugua ing'ae na kuipasha tena taratibu huku akitazama rangi zikitembea: ya majani makavu inafaa patasi ya mchonga milango, ya zambarau inafaa tindo ya kukatia chuma. Kuzisoma rangi hizo ni elimu ya kutosha kuheshimiwa.

Sasa fuawe hiyo ina tatizo la kisheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Vyuma Chakavu mwaka 2015, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa baada ya minara ya umeme kuhujumiwa. Sababu ilikuwa na uzito. Mwizi wa reli huhatarisha abiria. Lakini mhunzi aliyerithi kipande cha reli kutoka kwa babu yake hana risiti ya kumwonyesha askari, na kikichukuliwa kitaishia kwenye tanuri la kiwanda. Makumbusho ya Ngome ya Yesu yana nafasi na wataalamu wa kuhifadhi chuma, wakiwemo wenye uzoefu wa mabaki ya Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyozama mbele ya kuta hizo mwaka 1697. Naomba wapokee fuawe moja ya reli, pamoja na gogo lake, na waandike jina la fundi aliyeitumia.