Mjinga alipokuwa mgeni

Ukimwita mwenzako mjinga pale sokoni Kasulu, huenda akacheka tu na kuendelea kupima maharage yake. Mwite mpumbavu uone debe linavyotupwa chini. Tofauti hiyo ina historia, na sehemu ya historia yenyewe imepita njia ileile waliyopita watu wa huku Buha kwenda pwani.

Katika karne ya 19, biashara ya pembe na watumwa ilipounganisha Ujiji, Tabora na Bagamoyo, mjinga hakuwa lazima mtu mwenye akili pungufu. Alikuwa mtu aliyefika pwani juzijuzi kutoka bara: hajui Kiswahili, hajui bei, hajui nani huamkiwa kwanza. Watumwa wapya waliitwa wajinga. Waliozaliwa hukohuko pwani waliitwa wazalia, nao walijiona wa daraja nyingine kabisa. Mjinga huyo, huko kwao bara, angeweza kuwa mhunzi hodari au mzee wa baraza. Ndiyo maana wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Methali hiyo haina maana kama ujinga ni kilema cha kudumu. Ina maana ikiwa ni ugeni, na ugeni huisha.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, safari ikawa rahisi zaidi, dharau ikabaki. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalihitaji mikono, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha Silabu, chombo cha kuwatafutia vibarua. Kigoma ilitoa wengi. Kila mmoja alikuwa na namba yake, wakaitwa manamba. Mjini walingojwa na neno jingine, mshamba, kana kwamba mkonge wa mzungu ulikuwa ukikatwa na watu wa mjini.

Wazungu nao hawana la kutucheka. Neno la Kiingereza “villain”, linalotaja mtu mwovu, chimbuko lake ni Kilatini, na maana ya kwanza ilikuwa mfanyakazi wa shambani. “Idiot” limetoka kwa Wagiriki, waliomwita hivyo mtu wa kawaida asiyeshika shughuli za umma. “Silly” ndilo la kusikitisha zaidi: zamani lilimtaja mwenye baraka, likashuka hadi kwa asiye na hatia, kisha dhaifu, mwisho mpuuzi. Maneno haya hutungwa na walioketi penye soko na baraza, si na wanaotajwa.

Kilichompunguzia makali mjinga wa Kitanzania ni siasa. Baada ya Uhuru, Nyerere aliwataja maadui watatu wa taifa: ujinga, umaskini na maradhi. Ujinga ukawekwa kundi moja na malaria, yaani kitu cha kutibiwa, na haikuwa aibu kuwa nao kwa sababu karibu kila mtu alikuwa nao. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee wenye wajukuu wakaenda ngumbaru, wakashika chaki mbele ya walimu wenye umri wa watoto wao, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma na kuandika wameshuka chini ya asilimia 10. Hapa Kabanga, Kasulu, penye chuo cha ualimu, vita dhidi ya ujinga ilikuwa ajira.

Mpumbavu hakupata bahati hiyo. Jina lake limetokana na kupumbaa, na Waswahili wengi husema ni yule anayejua lakini hataki kujua. Punguani amepungua. Hamnazo ni sentensi nzima iliyogeuka jina: humo kichwani hamna, zo zikiwa ni akili. Juha alikuja na ngano za Waarabu, na huko kwao si mjinga moja kwa moja. Katika nusu ya hadithi anapumbazwa, katika nusu nyingine anawapumbaza wengine. Sisi tulichukua nusu ya kwanza tu. Ujanja tulikuwa tumeshampa Abunuwasi.