Vijisanamu vya Michezo ya Mezani: Vinanunuliwa Wapi na Mzazi Aangalie Nini Kabla ya Kulipa



Kila zikikaribia likizo, khasa vijana wetu wanaosoma Uingereza wanaporudi nyumbani, tunaletewa maswali yanayofanana. Mtoto anaomba fedha, au anataka ami yake aliyeko Muscat amnunulie, vijisanamu vya mchezo unaoitwa D&D. Mzazi hajui ni kitu gani, hajui kama bei anayotajiwa ni ya haki, wala hajui kama inafaa kukinunua. Wapo wanaokataa palepale, na wapo wanaotoa fedha bila ya kuuliza neno. Tumeona ni bora tuyaweke maelezo pahala pamoja ili kila mzazi ajue anachokilipia.

Mchezo wenyewe

Jina kamili ni Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliokuwa wakicheza michezo ya vita kwa kutumia vijisanamu vya askari. Wachezaji hukaa mezani. Mmoja ni msimulizi, na kila mmoja kati ya wengine hubeba nafasi ya mhusika mmoja katika hadithi. Hadithi huenda mbele kwa mazungumzo na kwa kurusha dadu. Baada yake imetoka michezo mingi ya aina hiyo.

Kijisanamu kazi yake ni kuonesha mhusika amesimama wapi juu ya karatasi yenye miraba. Kipimo kilichozoeleka ni milimita 28 au kuzidi kidogo kwa umbo la mtu mzima, na kitako cha mviringo chenye upana wa milimita 25, yaani mraba wa inchi moja, ambao katika mchezo huhesabiwa kuwa futi 5. Viumbe vikubwa huwekwa juu ya kitako cha milimita 50, ambacho hushika miraba minne. Hili mnunuzi alijue, kwa sababu wale askari wa plastiki wanaouzwa katika maduka ya vitu vya watoto aghlabu wana urefu wa sentimita 5, na hawatoshei.

Na alijue jengine pia: mchezo huu unachezeka bila ya kijisanamu hata kimoja. Wengi hucheza kwa maneno matupu, na wengine hutumia vifungo vya nguo, sarafu au vipande vya karatasi. Kete za bao zinatosha kabisa. Kwa hiyo kijana anayesema hawezi kucheza mpaka anunuliwe seti nzima, huyo anataka vijisanamu, na mzazi alipime ombi lake kwa hali hiyo.

Kuhusu sura za viumbe

Hapa hatuwezi kupita bila ya kusimama, kwani vingi vya vitu hivi ni maumbo kamili ya watu na wanyama. Hadithi zinazokataza kutengeneza sanamu za viumbe wenye roho ni nyingi na ni sahihi. Pamoja na hayo, imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa akicheza na watoto wa sanamu nyumbani kwa Mtume, rehma na amani zimfikie, na katika Abu Dawud imetajwa kuwa miongoni mwa vitu vyake alikuwamo farasi mwenye mbawa, na Mtume hakumkataza. Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim amenukuu kutoka kwa Al-Qadhi Iyadh kuwa wanavyuoni walio wengi wameruhusu mchezo huo wa watoto, na kuwa wapo waliosema ruhusa hiyo ilifutwa. Wanavyuoni wa zama hizi wakakhitilafiana: je, ruhusa hii inamfikia mtoto wa kiume? Je, inamfikia mtu mzima anayecheza?

Tunachokiona ni kuwa kilicho cha mtoto, kinachochezewa, kinachotupwa chini na kurejeshwa ndani ya boksi, kiko karibu zaidi na ruhusa. Kinachopakwa rangi kwa miezi na kuwekwa katika kabati la kioo sebuleni ili wageni wakitazame, kiko mbali nayo. Na anayetaka kutoka katika khilafu anayo njia, kwani viko vibao vya karatasi ngumu na viko vifaa visivyo na sura ya kiumbe, kama kuta, milango, miti na mapipa. Kampuni ya Paizo ya Marekani huuza vipande vya karatasi ngumu vinavyosimama juu ya kitako cha plastiki, mamia ndani ya boksi moja, na kwa idadi hiyo ni rahisi kuliko plastiki. Picha bapa nayo ina maneno yake kwa wanavyuoni, lakini ni mepesi zaidi kuliko ya sanamu yenye kivuli. Wallahu a'lam. Suala la dadu ni refu na lina mlango wake. Leo tunazungumzia ununuzi.

Pahala pa kununua

Kwa anayeanza, Reaper Miniatures ya mji wa Denton, Texas, ndiyo tunayoitaja mwanzo. Vijisanamu vyao vya plastiki laini, vinavyoitwa Bones, huuzwa kimoja kimoja, picha ya kila kimoja imewekwa wazi, na cha umbo la kawaida hupatikana kwa dola chache. Havivunjiki vikianguka, na vinaweza kupakwa rangi ya maji moja kwa moja bila ya rangi ya msingi.

WizKids, nayo ya Marekani, ina idhini ya kutengeneza vijisanamu vya D&D yenyewe. Safu yao iitwayo Nolzur's Marvelous Miniatures huuzwa katika pakiti ya plastiki inayoonekana ndani, aghlabu viwili viwili, vikiwa vimeshapigwa rangi ya msingi. Pakiti ndogo huko Marekani ni dola 5 au 6 hivi. Kampuni hii ina safu nyengine ambayo tutairejea, kwani hapo pana tatizo.

Uingereza, jina kubwa ni Games Workshop ya Nottingham, iliyoanzishwa mwaka 1975, yenye maduka zaidi ya 500 duniani yanayoitwa Warhammer. Kazi yao ni nzuri mno, ila vijisanamu vyao vimekusudiwa kwa michezo yao wenyewe ya vita, vinakuja katika vipande vya kukatwa na kugandishwa kwa gundi, na bei yake ni ya juu. Mtoto anayetaka mhusika mmoja tu wa D&D hana haja ya boksi la askari kumi. Katika mji huohuo wa Nottingham wapo Mantic Games na Warlord Games, ambao masanduku yao kwa kawaida huwa na bei nafuu zaidi. Walioko Ghuba wajue kuwa Dubai yapo maduka ya michezo ya mezani, na mtu huweza kukishika kitu kwa mkono wake kabla ya kulipa.

Hero Forge ni njia ya namna nyengine. Mnunuzi anaingia kwenye tovuti yao, anachagua sura, nguo, silaha na mkao, kisha kampuni inamchapishia kwa printa ya pande tatu. Hii ina faida kwa familia zetu ambayo wengi hawaioni: msichana anaweza kumvisha mhusika wake nguo za kumsitiri, badala ya kulazimika kuchagua katika katalogi zilizojaa maumbo yaliyo nusu uchi. Na tuseme wazi, katalogi za biashara hii zimejaa hayo, pamoja na sura za mashetani na masanamu ya kuabudiwa. Mzazi asimpe mtoto namba ya kadi akaondoka. Wakae pamoja wachague.

Boksi lililofungwa

Sasa tuirejee ile safu nyengine. Inaitwa Icons of the Realms. Ndani yake vimo vijisanamu vilivyopakwa rangi tayari, na vingi vyao huuzwa katika boksi lililofungwa, mnunuzi hajui atatoka na nini. Baadhi ni vya kawaida na baadhi ni adimu, na adimu ndivyo vinavyotafutwa. Utaratibu huu si mpya: WizKids ilianza nao mwaka 2000 katika mchezo wa Mage Knight, na wenye D&D wakaufuata mwaka 2003.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, radhi za Allah ziwe juu yake, kuwa Mtume, rehma na amani zimfikie, amekataza biashara ya gharari, yaani yenye kufichikana mwisho wake. Na madhhabi yetu ya Shafi inashurutisha kinachouzwa kijulikane dhati yake, kiasi chake na sifa zake. Anayelipa dola 20 na ushei akitaraji joka, naye huenda akatoka na panya wanne, amelipia kubahatisha. Tena ni mchezo unaomvuta mtoto: boksi la kwanza halikutoa alichokitaka, basi anunue la pili, kisha la tatu. Tumeulizwa na mzazi aliyeona mshahara wa nusu mwezi umekwenda kwa njia hiyo, na mtoto bado analilia kile kimoja.

Njia ya kutokea ipo, na ni rahisi. Wako wafanyabiashara wanaoyafungua maboksi hayo wenyewe na kuviuza vilivyomo kimoja kimoja, kila kimoja kwa picha yake na bei yake. Noble Knight Games ya Wisconsin, inayonunua na kuuza vitu vipya na vilivyotumika, ni mmojawapo. Kilicho adimu kitakuwa ghali, lakini mnunuzi anajua anachokinunua, naye ana khiyari ya kukiacha. WizKids wenyewe nao hutoa baadhi ya seti ambazo vilivyomo vimeandikwa juu ya boksi. Hizo hazina neno kwa upande huu.

Fedha kabla ya bidhaa

Vingi vya vijisanamu vya miaka ya karibuni vimeanzia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha. Reaper peke yao walikusanya huko zaidi ya dola milioni 3 mwaka 2012. Wengi hudhani wananunua. Kickstarter wenyewe wameshasema kuwa wao si duka, na hawabebi dhamana ya kukabidhi kitu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, ilikubali mkataba wa istisnai, yaani kuagizia kitu kitengenezwe, kwa sharti la kubainishwa jinsi yake, aina yake, kiasi chake na sifa zinazotakiwa, na muda wa kukabidhiwa. Mradi unaoahidi zawadi zitakazozidi kila fedha zikiongezeka, bila ya tarehe ya kushikwa nayo, hauyatimizi hayo. Kwa familia yenye kipato cha kawaida tunasema: ngojeeni mpaka kitu kifike dukani.

Kopi, faili na vilivyotumika

Katika masoko ya intaneti kama eBay na AliExpress vinapatikana vijisanamu vya kampuni kubwa kwa robo ya bei. Aghlabu ni kopi zilizomiminwa kwa resini bila ya idhini. Majmaa hiyohiyo, Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kuwa haki za utunzi, uvumbuzi na alama za biashara ni haki zinazolindwa kisharia na haijuzu kuzivamia. Bei ndogo haibadilishi hukumu.

Kilicho rahisi kwa halali ni faili. Wachongaji wengi huuza faili za kuchapishia kupitia MyMiniFactory na tovuti nyengine, na baadhi huzitoa bure. Faili halihitaji posta wala forodha. Anayemjua mwenye printa ya pande tatu hapahapa visiwani anaweza kuchapisha. Asome idhini kwanza, kwani nyingi huruhusu matumizi ya nyumbani tu, na anayetaka kuchapisha kwa kuuza hulipia idhini nyengine. Na printa ya resini si kitu cha kuwekwa chumba wanacholala watoto. Resini ambayo haijagandishwa kwa mwanga hudhuru ngozi na mvuke wake ni mbaya, kwa hiyo glavu na dirisha lililo wazi ni lazima.

Anayenunua vilivyotumika awe na hadhari moja kubwa. Vijisanamu vingi vya chuma vilivyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 vina madini ya risasi. Ukikuta ni kizito, cha kijivu, na kinaota unga mweupe, mtoto asikiguse, na asipewe kabisa mdogo anayetia vitu mdomoni.

Kuvifikisha nyumbani

Kabla ya kuagiza, angalia kama muuzaji anatuma Tanzania, kisha jumlisha nauli na ushuru juu ya bei. Mara nyingi nauli ya kijisanamu kimoja huzidi kijisanamu chenyewe, na ndio maana watu huvikusanya na kumtilia ndugu anayekuja likizo katika begi lake. Ni vyepesi, havitamlemea. Lakini msimtilie kopo la rangi ya kupuliza wala gundi ya plastiki inayoshika moto; hivyo havipandi ndege, si katika begi la mkononi wala la chini. Rangi za maji zinapita, zikiwa katika begi la chini. Supagluu inapatikana Darajani, na kwa Bones ndiyo inayofaa, kwani gundi ya plastiki ya kawaida haiishiki plastiki ile.